Choroko Zilizofichwa Taa

Mama Sumiyem wa mji wa Klaten alikuwa akiotesha choroko mitungini na kuuza machipukizi yake. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, pamoja na sharti moja: choroko zisione mwanga. Zikiuona hugeuka kijani na kuwa chungu. Kila mtungi aliufunika kwa majani ya migomba.

Jumatatu mjukuu wake Ratri alikula choroko hizo mbichi kwa nazi na pilipili. Jumatano akaanza kuhara damu. Daktari akasema ni bakteria wa kwenye chakula, akamlaza hospitalini.

Sumiyem alirudi nyumbani. Mitungi sita ilikuwa tayari kwa soko la kesho. Aliogopa hata kuisogelea.

Wening, mtaalamu wa usalama wa chakula, alifika mbio. Wiki iliyopita alikuwa amemwachia rangi maalumu na taa ya bluu azijaribu kuulia bakteria wa choroko.

"Mama, rangi ulitia?"

"Nilitia! Rangi yako ni uongo mtupu."

"Na taa uliiwasha muda gani?"

Sumiyem akainamisha kichwa. "Sikuiwasha. Nilizifunika."

"Jamani, Mama! Ukazifunika?"

"Nani anamulika choroko, mwanangu? Soko zima lingenicheka!"

Wening aliketi karibu yake. "Rangi ile imetolewa kwenye manjano, haya haya ya jikoni. Inawaganda bakteria. Mwanga wa bluu ukiipiga, ndipo inapowaua. Gizani haifanyi kitu. Nao bakteria wanapenda joto na unyevu wa mtungi wako."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemlisha sumu mtoto?" Sumiyem akalia.

"Hukujua. Hizi za mitungini tuzifukie, asile mtu."

Wakazifukia zote.

Choroko mpya zilipoota, Sumiyem alizisafisha, akazitia rangi, akazitandaza zisilaliane, kwa sababu mwanga haupenyi rundo. Akawasha taa, akazigeuza. Akasimama kuzitazama kama zitageuka kijani. Hazikugeuka, maana taa iliwaka muda mfupi tu.

Wening alizipima maabarani. "Bakteria wamepungua sana. Lakini siwezi kuapa kwamba wamekwisha. Watoto, wajawazito na wagonjwa wazile zikiwa zimechemshwa vizuri."

Jumapili ya wiki iliyofuata Ratri alirudi kutoka hospitali, mwembamba, macho makubwa.

"Bibi, nataka choroko."

Sumiyem akabandika sufuria, akangoja maji yatokote, akazichemsha mpaka zikalegea. Akampakulia.

Ratri akatafuna, akakunja uso. "Bibi, umeziivisha mno!"

"Kula hivyo hivyo," alisema Sumiyem, akakaa kumtazama mpaka sahani ikawa tupu.