Rafu Zinazopitisha Maji

Kila asubuhi Wanru hufungua ghala la udi mapema. Husimama kidogo kati ya rafu ndefu za chuma, kikombe cha maziwa ya soya mkononi. Unga wa msandali huelea hewani, mwepesi kama pumzi. Jua likipenya madirisha ya juu, unga ule hung'aa. Hapo Wanru hujiona yuko chini ya maji ya dhahabu, na maboksi yaliyopangwa juu ni samaki wakubwa waliolala.

"Umeota tena umesimama, mwanangu?" Mama mkwe wake, Mama Siok, huuliza kutoka chumbani kwake.

"Nahesabu maboksi, Mama."

"Unahesabu umefumba macho?"

Chumba cha Mama Siok kilipakana na ghala. Kilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifungukia ghalani. Alikataa kulala kwingine. Alisema harufu ya udi ndiyo blanketi lake.

Katika mji wao, watengeneza udi hawatupi mbao za kuanikia. Mbao hizo hunywa harufu mwaka hadi mwaka. Familia iliponunua rafu za chuma, marehemu baba mkwe alizitandika mbao zake kuukuu juu ya boriti za rafu, moja ubavuni mwa nyingine, bila nafasi hata ya kupitisha kidole. Juu yake zikakaa paleti, vichanja vya kubebea mizigo, zenye maboksi ya udi.

Siku moja nguzo ya rafu iligongwa na foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, ikapinda. Wanru alimwita Jungtai, fundi wa mtaa wa pili. Jungtai alikuwa pia mzimamoto wa kujitolea. Alipomaliza kubadilisha nguzo, hakufunga mkoba wake. Aliangalia dari, kisha akaangalia mbao.

"Shemeji, yale mabomba ya darini ni ya nini?"

"Ya kunyunyiza maji. Joto likizidi yanafunguka yenyewe."

"Na moto ukianzia rafu ya chini?"

Wanru aliinama akatazama chini ya mbao. Jungtai alichukua ubao mmoja na kipande cha wavu wa chuma kutoka kwenye gari lake. Wakaenda uani. Aliweka gazeti chini ya ubao, na jingine chini ya wavu. Akamimina maji juu ya vyote viwili. Gazeti la chini ya wavu lililowa likalegea. Lile la chini ya ubao lilibaki kavu, hata picha zake zilisomeka.

"Unaona?" Jungtai alisema. "Mmeufungulia moto mwavuli."

Siku mbili Wanru hakusema neno. Alikuwa mwenye haya, tena alijua mbao zile ni za nani. Lakini kila alipopita ghalani aliuona mlango mmoja wa Mama Siok. Siku ya tatu, wakila wali na machipukizi ya mianzi, alisema taratibu.

"Mama, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Ghala likishika moto, utapita wapi?"

Mama Siok aliweka vijiti vyake vya kulia chini. "Mumeo kakutuma?"

"Hapana. Ni mimi."

"Mbao zile zina harufu ya mume wangu."

"Basi zirudi uani zianikiwe udi. Huko ndiko alikozizoea."

Mama Siok aliokota tena vijiti vyake. "Wewe huwa husemi," alisema. "Ukisema, sina budi kusikia."

Sasa ilibidi wavu wa chuma uchukue nafasi ya mbao. Wanru aliona wa bei nafuu sokoni. Jungtai alicheka. "Huo ni wa kufugia kuku, shemeji. Leta futi tupime."

Walipima kutoka boriti ya mbele hadi ya nyuma, kwa sababu wavu mfupi hudondoka katikati. Walipapasa boriti. Zao zilikuwa bapa juu, bila kidato cha ndani cha kukalia wavu. Hivyo walihitaji wavu uliotengenezewa boriti bapa, wenye vyuma vya kuimarisha chini yake na ncha zinazokunjika juu ya boriti ili usiteleze.

"Paleti moja ina uzito gani?" Jungtai aliuliza.

"Kilo mia nne."

"Chukua ulioandikwa mia sita. Na uzito huo ni wa mzigo uliotandazwa sawasawa, si uliorundikwa pembe moja. Hapa kwetu kuna unyevu, kwa hiyo chagua uliopakwa zinki. Na boriti zenyewe zisizidishiwe mzigo."

Wavu ulipofungwa, mwanga ulishuka hadi sakafuni, vipande vidogo vya mraba, kama mtu kamwaga shanga. Mume wa Wanru, Kuohao, akatoboa ukuta wa chumba cha mama yake, akaweka mlango wa kutokea uani.

Wiki moja baadaye Wanru alikuta maboksi yaliyokunjuliwa yametandikwa juu ya wavu wote.

"Nimezuia pakiti za udi zisidondoke kwenye matundu," Mama Siok alisema, akijisifu.

Wanru aliyavuta moja moja. "Mama, mwavuli wa karatasi nao ni mwavuli. Pakiti tutazitia kwenye maboksi."

Karibu na sikukuu ya Mazu, mungu wa kike wa bahari, saa za usingizi wa mchana, waya wa mashine ya kufungia pakiti uliunguza maboksi ya chini. Moshi ukapanda. Bomba moja la darini likafunguka. Maji yakapita rafu ya juu, yakapita ya katikati, yakaufikia moto. Wazimamoto walipofika walikuta majivu yaliyolowa na maboksi kumi na manane yaliyoharibika. Basi.

Wanru hakupitia ghalani. Alikimbia akizunguka nyumba hadi uani. Mama Siok alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wake mpya, kiatu mguu mmoja.

"Nimeota mvua inanyesha ndani ya nyumba," alisema. "Nikasema, mbona hainiloweshi?"

Wanru alichuchumaa kando yake, akamshika mkono. Ndani, maji yalikuwa bado yanadondoka, rafu hadi rafu, tone baada ya tone. Walikaa wakisikiliza.