Aliyekaa Juu ya Kabati la Mafaili

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, skrini ya mchapaji wa meza ya dirishani ilikutwa imeteremshwa. Rimu mbili za karatasi alizoiwekea chini siku ya Ijumaa zilikuwa sakafuni, moja juu ya nyingine, kingo zimelingana.

Alidhani ni utani. Ofisi ile ya watu watatu ilichapa mienendo ya kesi kutoka kwenye rekodi za sauti, kazi kavu, na utani ndio uliowafikisha jioni. Tangu alipoinua skrini walikuwa wamekwishampachika jina la Twiga.

"Mama Pacha, umeanza," alisema.

"Nimeanza nini?" Mama Pacha, wa meza ya katikati, hakuinua uso. "Nyumbani nina wawili wanapanda kila kitu, kazi yangu kuwateremsha. Nije na huku nikuteremshie skrini?"

Skrini ilikuwa imeinuliwa kwa sababu. Kwa miezi kadhaa Twiga alikuwa akiamka na shingo iliyokakamaa. Maumivu yalishuka begani, kisha vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Mchapaji asiyehisi vidole hana kazi. Mtaalamu wa viungo hospitalini alimwambia ugonjwa wake ni kuinama: skrini ije usawa wa macho, mabega yashuke, kidevu kirudi nyuma, na kila baada ya muda ageuze shingo taratibu kulia na kushoto. Asipofanya hivyo, shingo itazoea na haitarudi.

Hakuhitaji maelezo zaidi. Msimamizi wao aliitwa Mzee Mkato kwa sababu, ukimtazama kwa ubavu, alikuwa na umbo la alama ya mkato. Alikuwa ameinamia meza ileile tangu ujana. Akitaka kumwona mtu usoni, ilimbidi aegemee kiti mpaka miguu ya mbele inyanyuke.

Jumanne skrini ilikutwa chini tena.

"Mwanangu, iache hukohuko chini," Mzee Mkato alisema.

"Kwa nini, Mzee?"

"Humu hatuinui vichwa. Ndivyo tulivyozoea."

Twiga aliiinua. Jumatano jioni alikuwa na hedifoni masikioni, akichapa ushahidi wa kesi ya shamba. Hakimu aliuliza swali, shahidi akanyamaza, na katika ukimya ule mtu akavuta pumzi. Haikuwa pumzi ya mbali ya ukumbi wa mahakama. Ilikuwa karibu, ndani ya sikio.

"Inama," sauti ilisema.

Alirudisha rekodi nyuma. Hakimu aliuliza, shahidi akanyamaza, mtu akakohoa. Basi. Alivua hedifoni, akasikia harufu ya nywele zilizolowa zikafungiwa kitambaani mpaka zikavunda. Feni ilikuwa inazunguka polepole kuliko kawaida. Ili kujituliza alifanya zoezi alilofundishwa: akashusha mabega, akarudisha kidevu, akanyoosha shingo. Macho yake yakafika mahali ambapo hayakuwahi kufika, juu ya kabati la mafaili kwenye kona.

Alichokiona alikieleza mara mbili baadaye, na mara zote mbili maelezo yalikuwa yaleyale. Mtu alikuwa amekaa juu ya kabati, miguu ameikunja, viganja magotini, katulia kama mwenye nyumba anayepokea wageni. Uso wake ulikuwa unawaelekea wote watatu. Alikuwa ameridhika. Kisha akamwona Twiga anamtazama, na ule uso ukabadilika.

Uzito ulimshukia utosini, mzito kama gunia, ukasukuma kidevu kikagusa kifua, na alipojaribu kukaza shingo uzito nao ukakaza, naye akasikia kitu kikilia nyuma ya sikio kama kijiti kinachokaribia kuvunjika, vidole vyote vya mkono wa kulia vikafa, harufu ikamjaa mdomoni, na hakupata pumzi mpaka alipoacha kushindana, akainama mwenyewe, paji la uso likafika kwenye kibodi na skrini ikajaa herufi moja. Hapo uzito ukawa mwepesi. Kiganja kikampapasa utosi, mara moja, mara mbili, kama mtu anayemsifu mtoto mtiifu.

"Twiga," Mama Pacha alinong'ona kutoka meza ya katikati. "Nani anakushika nywele?"

"Kuna mtu?"

"Hakuna mtu. Lakini zinalala. Naziona zinalala."

"Chapeni," Mzee Mkato alisema kwa sauti ya chini. "Inameni mchape. Anayeinama hadhuriwi."

Baadaye, uani, Mzee aliwaambia kwamba naye alimwona siku moja tu, alipokuwa kijana. Aliinama kwa hofu, na hakusumbuliwa tena. Hakujua ni lini shingo yake iliacha kunyooka.

"Na mimi ndiyo nitakuwa hivyo," Twiga alisema.



Jumamosi mchana, jengo likiwa tupu, Mama Pacha alimleta wifi yake, dada wa mumewe. Alikuwa mganga, mwanamke wa makamo mwenye mkoba mweusi wa kawaida. Alivua viatu, akawaambia wasikanyage kati ya kabati na mlango, akasimama mlangoni akinusa.

"Wifi, hapa mnafanya kazi gani?"

"Tunachapa."

"Huyo aliye juu hajui kuchapa ni nini. Anaona watu wanaingia asubuhi, wanakaa mbele yake kimya, wanamwinamia mpaka jioni. Kila siku, miaka yote. Mfalme gani amepata heshima hiyo?"

"Sisi hatumwinamii yeye," Mama Pacha alisema. "Tunainamia mishahara."

"Mwambie mwenyewe, wifi. Mdomo unao."

Mganga aliwapa maelekezo. Wakae kama kawaida. Yeye akisema neno, wote wainue vichwa, wamtazame aliye juu ya kabati, wasishushe macho mpaka atoke mlangoni. Akibaki hata mmoja aliyeinama, jini atabaki naye.

"Mimi shingo yangu haiinuki," Mzee Mkato alisema.

"Mzee akasubiri nje," Mama Pacha alisema.

"Akitoka ameinama, atafuatwa," mganga alijibu.

Twiga ndiye aliyesema alazwe chali. Walimlaza sakafuni. Mgongo ulilala, kichwa kikabaki hewani, macho yakitazama vidole vyake vya miguu. Twiga alipanga rimu za karatasi chini ya kichwa mpaka kikapata pa kuegemea, akaviringisha kanga akaipitisha chini ya shingo, akapiga magoti nyuma yake.

"Nikitoa rimu moja, usikaze. Toa pumzi, acha kichwa kiende chenyewe."

"Kitavunjika, mwanangu."

"Hakivunjiki. Nimekishika."

Mganga akasema neno. Twiga akainua uso, akamwona.

Kuanzia hapo hakuweza kutazama alichokuwa anafanya. Macho yake yalikuwa juu ya kabati na mikono yake chini, ikipapasa misuli ya mzee iliyokuwa migumu kama kamba iliyolowa ikakauka, akiibonyeza kwa vidole ambavyo nusu havikuhisi, akisubiri mzee atoe pumzi, akichomoa rimu, akisubiri tena, huku uzito ukimkandamiza yeye utosini na harufu ikimtoa machozi na Mama Pacha pembeni akilia kwa kwikwi bila kushusha kidevu, na juu ya kabati yule mtu akafungua mdomo, taratibu, akausogeza mbele uso wake mpaka Twiga akaona kwamba hauna kope, na chini, kwenye viganja vyake, shingo ya mzee ikalia, ikalegea, na kichwa kikagusa sakafu.

Mzee Mkato alitazama juu. Alitazama kwa muda.

"Mbona ni mdogo hivi?" alisema.

Kabati lilitikisika. Vumbi lilianguka upande mmoja. Uzito ulitoka kichwani kwa Twiga ghafla hata akayumba, na akamwona yule mtu akishuka, akipita ukutani kwa kunyata, kichwa kikiwa usawa wa meza, akielekea mlangoni.

"Amekwisha," mganga alisema, akashusha pumzi. Akainama kuvaa viatu.

Twiga alifungua mdomo kumzuia. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

Mganga alikaa vile, ameinama, muda mrefu kuliko unaohitajika kuvaa viatu viwili. Kisha akachukua mkoba, akafungua mlango, akatoka bila kuaga. Harufu ilitoka naye.

Jumatatu skrini zote zilikutwa zilipoachwa. Mzee Mkato alikuja na kidevu kimeachana na kifua, akaomba rimu za kuweka chini ya skrini yake. Twiga alichapa mpaka adhuhuri na alihisi vidole vyote. Kabla ya chakula cha mchana, simu ya Mama Pacha iliita. Alikuwa shemeji yake, mume wa mganga. Aliuliza kama pale ofisini kuna mtu anayejua mazoezi ya shingo, kwa sababu mkewe tangu Jumamosi hajainua kichwa, na akiambiwa ajaribu, anasema amekatazwa.