Nani Yuko Sebuleni?

Jumamosi ile duka la vifaa vya umeme lilijaa hadi mlangoni, na watu wote walikuwa wanagombana na spika. Ilikuwa mezani katikati ya duka, ya duara, imevikwa kitambaa cha kijivu, ndogo tu ya kuenea kiganjani. Ukiiita, taa ya bluu inawaka utosini. Unaiambia unachotaka, nayo inatii. Ndivyo tangazo lilivyosema. Lakini huyu alitaka habari, yule alitaka hali ya hewa, mtoto wa watu alitaka kusikia simba akinguruma, na spika ya watu haikujua imsikilize nani.

"Spika," alisema mwanamke mmoja aliyejipenyeza hadi mezani, "cheza wimbo wa polepole."

"Spika," ikafuata sauti ya kiume nyuma yake, "cheza kitu cha kuchangamsha."

Spika ikawaka, ikafikiri, ikapiga kengele ya kuamsha watu asubuhi. Duka zima likacheka.

Mwanamke aligeuka amuone huyo mdandiaji. Yeye alikuwa mshona mapazia, amevaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, na futi ya kupimia bado ilining'inia shingoni, maana kwake ilikuwa kama mkufu. Mwanamume alikuwa mrefu, ndani ya ovaroli ya bluu, ana grisi kwenye kiwiko na uso wa mtu ambaye hajaona kosa lake liko wapi.

"Kaka, hukusikia kama nilikuwa naongea nayo?"

"Nimesikia, dada. Nikaona unaiomba kitu cha kusinzia, na hapa ni mchana."

"Nani kakwambia polepole ni usingizi?"

"Basi nifundishe."

Akacheka bila kutaka. Kila mmoja akanunua ya kwake, lakini kabla ya kulipa yule mwanamume alimuuliza muuzaji jambo.

"Hivi mtu akiongea taratibu sana, akikwama katikati ya neno, hii inamsubiri?"

"Inasubiri kidogo, halafu inakata tamaa. Toleo jipya wanasema litakuwa na subira zaidi, na litatambua sauti ya kila mtu wa nyumbani."

"Linakuja lini?"

"Karibuni. Wanasema karibuni tangu nianze kazi hapa."

Mshona mapazia aliliona swali hilo la ajabu, kwa kuwa muulizaji mwenyewe alikuwa anaongea kama bomba lililofunguliwa. Angelikumbuka baadaye, angejiokolea machozi mengi.

Nje ya duka walikaa kwenye benchi kuziwasha spika zao. Ya mwanamume ilikubali. Ya mwanamke ikagoma kabisa.

"Simu yako hii imezeeka, dada. Haiwezi. Ngoja niiingize spika yako kwenye akaunti yangu, kwa muda tu, mpaka ununue simu nyingine."

Kwa muda tu! Mabati yanayovuja na ndoa nyingi zilianza na maneno hayo. Miezi ikapita, simu haikununuliwa, na spika ya mshona mapazia ikabaki mtoto wa kambo kwenye akaunti ya mwanamume. Lakini nani alijali? Mapenzi yalikuwa yameshapamba moto. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, mwanamke fundi wa mapazia, basi wakaitana Fundi wote wawili, na jioni zao zilikuwa za simu, kwa sababu lifti za watu zina tabia ya kukwama watu wakitoka kazini.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula, Fundi. Mbona sauti yako inajirudia?"

"Niko ndani ya shimo la lifti. Nakupenda mara mbili, moja yangu na moja ya mwangwi."

"Ya mwangwi naiamini zaidi, haina grisi."

Siku moja mwanamume alimuuliza, "Nikija kukuuliza jambo kubwa, utanijibu nini?" Mwanamke akasema, "Uliza kwanza." Lakini moyoni alikuwa ameshakata shauri. Jibu lilikuwa ndiyo, tena alikuwa amelikunja na kuliweka vizuri kama shuka jipya.

Kulikuwa na dosari moja. Tangu wajuane hakuwahi kukanyaga kizingiti cha mwanamume huyo. Leo nyumba inapakwa rangi, kesho bomba limepasuka. Hata alipoomba ashonewe mapazia ya sebuleni, vipimo alichukua mwenyewe akavileta kwa mdomo. Karakana nzima ya ushonaji ilishangaa. Mwenzake wa pale, mama mtu mzima waliyemwita Mama Vifungo kwa kazi yake, alitikisa kichwa.

"Mwanamume anayeficha nyumba, mwanangu, hafichi matofali."

"Mama, ni mtu wa aibu tu."

"Haya. Mimi yangu macho."

Jioni hiyo mshona mapazia alifika chumbani kwake, akavua viatu, akaweka maji jikoni. "Spika, cheza wimbo wangu." Wimbo ukaanza, ule wa polepole aupendao. Haujafika ubeti wa pili, ukakatika.

"Muziki umesitishwa hapa," ilisema spika, kwa Kiswahili chake cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi. "Akaunti hii sasa inasikilizwa sebuleni."

Yeye alikuwa na chumba kimoja. Sebule hakuwa nayo; mwenye sebule ni mwenye akaunti.

"Sebuleni kuna nani?"

"Samahani, sijaelewa."

Akampigia mwenzake. "Uko nyumbani, mpenzi?"

"Niko kazini, mama. Lifti ya watu imekwama." Na kweli nyundo ilisikika, na mtu akiomba spana.

"Kwako kuna nani?"

Spana ikaanguka shimoni kwa kishindo.

"Hakuna mtu. Labda ni mtandao."

Kesho yake ikawa vilevile, na siku iliyofuata vilevile. Akaanza kuihoji spika kama polisi. "Sebuleni wanasikiliza wimbo gani?" Nayo ikamtajia wimbo wake mwenyewe, uleule aliotoka kuuchagua. Hapo akili ikamvurugika. Kama mwanamume yuko nyumbani, nyundo ni ya nini? Kama yuko kazini, nani anacheza muziki? Na mwizi gani huyu, asiyechagua wimbo wake hata siku moja, anangoja mwenzake achague ndipo aunyakue? Aliunguza chakula, alishona pazia la mteja ndani nje, akalifumua, akalishona ndani nje tena.

"Ni mwanamke," alisema Mama Vifungo, "na anataka ujue kwamba yupo. Mpelekee salamu. Si anasikiliza kila unachocheza?"

Basi jioni ile mshona mapazia alichagua wimbo wa vijembe, wa kunguru aliyeazima manyoya ya ndege wengine akajiona mzuri. Akakaa kitandani, mikono kifuani, akingoja. Mara ukakatika. Unasikilizwa sebuleni. Vizuri, umemfika. Akangoja kidogo, akauliza, "Sasa sebuleni wanasikiliza nini?"

Kunguru yuleyule. Akauliza tena baadaye, kunguru. Mtu wa sebuleni alikuwa anarudia matusi aliyopelekewa kama anayeomba nyongeza mezani.

"Ama hana haya, ama ni kiziwi," alisema Mama Vifungo alipohadithiwa.

"Mama, kiziwi atasikiliza muziki?"

"Na mimi nimechanganyikiwa, mwanangu. Usiniulize."

Fundi wa lifti alipopiga simu, hakuitwa Fundi. "Sema kweli. Nani yuko nyumbani kwako?"

"Yupo mtu. Lakini sivyo unavyofikiri, laazizi."

"Unajua ninavyofikiri?"

"Niamini kidogo tu. Hili jambo si langu kulisema. Nimeapishwa."

"Basi oana na kiapo chako."

Akakata simu, akalia mpaka pua ikaziba. Alimpenda, hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Ile 'ndiyo' aliyoikunja na kuiweka bado ilikuwepo, na hakujua aipeleke wapi.

Alivumilia siku chache, akashindwa. Jua lilikuwa halijazama alipotoka karakana, futi shingoni, amejipaka rangi ya mdomo nyekundu kwa ajili ya vita. Jengo alilijua kwa kusimuliwa, mlango hakuujua. Lakini mapazia yake angeyatambua hata gizani. Akasimama barabarani, akainua macho, na pale juu akaona rangi ya haradali. Yalikuwa yamening'inia juu ya kizingiti cha dirisha, mafupi kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Mwanamume yule hakujua kupima. Pamoja na hasira zote, kama fundi aliumia.

Lifti ya jengo la fundi wa lifti ilikuwa mbovu. Akapanda ngazi akitafuta maneno. Akihema alifika mlango wa upande wa mapazia yale, akainua mkono abishe, akasikia sauti ndani.

Haikuwa sauti ya mwanamke.

"Spi... ka." Ilikuwa ya mzee, nzito, na kila silabi ilitoka kama kabati linalosukumwa. "Te... te..."

"Samahani, sijaelewa."

"Spika. Te... na."

"Samahani, sijaelewa."

Mtu alivuta pumzi. Kisha akaanza upya, kwa ukaidi wa mtu aliyezoea kusikilizwa, na spika ikamkatiza kabla hajafika nusu. Mshona mapazia alisimama, mkono ukiwa bado hewani. Lile swali la dukani likamrudia, la mtu anayekwama katikati ya neno. Akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Spika, cheza tena!"

Na ndani, kwa sauti safi, kunguru akaanza kujisifu kwa manyoya yake.

Wimbo ulichezwa mpaka mwisho. Kisha yule mzee akasema, "Ka... ri... bu."

Akasukuma mlango, akamkuta kwenye kiti karibu na dirisha, shati jeupe limefungwa vifungo vyote, mkono mmoja umelala mapajani kama si wake. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Upande wa pili ulikuwa wa fundi wa lifti mtupu, pua na yote.

"Shikamoo, baba."

"Ma..." Akafumba macho. "Ma... ra..."

Taa ya bluu ikawaka, ikazimika. Mshona mapazia akavuta kigoda, akakaa, akangoja. Hakumsaidia neno, hakuangalia pembeni.

"Ma... ra... haba."

Ndivyo fundi wa lifti alivyowakuta, ovaroli begani, funguo mkononi. Alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akaketi sakafuni palepale.

"Baba alikuwa dalali wa mnada," alisema. "Sauti yake ilikuwa inauza kiti chenye miguu mitatu. Kiharusi kilipompata, sauti ikaenda nacho. Mtaalamu wa hospitali akasema mtafutie kitu cha kuzungumza nacho kisichomwonea huruma. Neno la kwanza lililokubaliwa na hiki kispika lilikuwa 'tena.' Basi akawa anacheza tena chochote kilichochezwa mwisho kwenye akaunti. Na kilichochezwa mwisho..."

"Ni changu."

"Kila jioni anakungoja uchague. Nimemwambia ni nyimbo za mkwe wake mtarajiwa. Ule wa kunguru ndio kaupenda zaidi."

Mshona mapazia alijifunika uso kwa futi yake.

"Na kwa nini usiniambie? Nimekaa nikigombana na mzee mgonjwa."

"Aliniapisha. Alitaka aje kwenu mwenyewe, akuombe kwa sauti yake, maneno yakiwa yamekamilika. Hakutaka umuone hivi."

"Mimi nilikuwa napoteza akili."

"Najua. Nimekosa, Fundi. Nilifikiri ni wiki chache tu, ikawa hivi." Alijikuna kichwa. "Nitakufungulia akaunti yako, usikatiwe tena muziki. Na toleo jipya likitoka nitanunua mbili. Litamsubiri baba, litatujua sauti zetu..."

"Hilo toleo linakuja karibuni?"

"Wanasema."

"Basi huyo aliyesema karibuni mwache na karibuni yake." Alisimama, akaenda dirishani, akapima kwa macho aibu ile ya mapazia. "Akaunti moja nyumba mbili, lazima mmoja akatiwe. Ikiwa nyumba moja, nani atamkatia nani? Na haya mapazia nitayashusha, siwezi kuishi na kitu kama hiki."

Fundi wa lifti alifungua mdomo. Mtu yule wa maneno kama bomba, leo bomba lilikauka.

Aliyesema ni mzee. Aliinua mkono wake mzima, akamnyooshea mwanawe kidole, na ghafla mgongo wake ukanyooka kama wa mtu aliyepanda jukwaani.

"Ki... jana huyu. Ame... tumika... kidogo." Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. "Nani... anam... taka? Mara ya... kwanza."

Hakuna aliyetikisika.

"Mara... ya pi... li."

Alikwama hapo. Midomo ilitafuta neno, ikalipata, ikalipoteza. Mwanawe alitaka kumsaidia, mshona mapazia akamzuia kwa mkono. Mezani taa ya bluu ikawaka.

"Samahani," ilisema spika, "sijaelewa."

"Mimi nimeelewa, baba," alisema mshona mapazia. "Namchukua."

Mzee akapiga ngumi kwenye mkono wa kiti, mara moja, kama nyundo ya mnada.