Mume Wangu Aliongeza Dozi

"Mke wangu? Hajagundua kitu... Niongeze dozi? Sawa dada, kuanzia leo naongeza!"

Maneno hayo aliyasema mume wangu, bafuni, kwenye simu. Mlango alikuwa ameufunga kwa ndani na bomba amelifungua ili maji yafunike sauti yake.

Hayakufunika. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango na taulo lake mkononi.

Nisikilizeni, ninyi mnaojaza maoni kwenye ukurasa wangu mkiuliza kwa nini sisomi tena taarifa ya habari ya asubuhi redioni. Mmesema nimefukuzwa. Mmesema nina mimba. Mmoja kasema nimelogwa. Leo nawapa ukweli, na ukweli una mpangilio wake, kwa hiyo msiruke mistari!

Ilianza na sauti. Nilikuwa hewani nikisoma habari ya bei ya mafuta, neno likaanzia juu likaishia chini, kama mvulana anayebalehe. Fundi mitambo akanikodolea macho kupitia kioo.

"Dada, una mafua?"

"Sina."

"Basi mashine yangu ndiyo yenye mafua."

Siku chache baadaye nikampigia wifi yangu kwa simu ya mume wangu.

"Kaka! Leo umenikumbuka!"

"Ni mimi, wifi."

"Weee! Sauti hiyo umemwibia kaka yangu?"

"Nimeamka nayo."

"Mrudishie, mama! Mafahali wawili hawakai zizi moja!"

Nikacheka. Nilipokata simu nikaenda kwenye kioo na kung'oa unywele mwingine mgumu kidevuni. Siku zangu nazo zilikuwa zimekatika. Nina miaka arobaini na moja.

Kisha mhariri mkuu akaniita ofisini.

"Wasikilizaji wanalalamika. Pumzika kidogo. Yule binti wa taarifa ya jioni atakushikia kiti."

Elewa jambo moja. Mtangazaji wa redio hana sura. Nikipita sokoni hakuna anayegeuka. Nikisema "habari za asubuhi", soko zima linageuka. Sauti ndiyo mimi, na ilikuwa inaondoka!

Sasa, mume wangu. Ni mhandisi wa pampu za maji, ana miaka hamsini na mbili. Kwa mwaka mzima alikuwa mtu nisiyemjua. Alifoka kwa sababu ya chumvi. Alisinzia na kijiko mkononi. Kazini walimweka chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kufungua pampu. Kitandani alinipa mgongo, na nikimgusa, jibu lilikuwa lile lile.

"Niache. Nimechoka."

Ghafla akageuka. Akaanza kuniletea chai kitandani kila asubuhi. Usiku akaanza kunivuta kifuani na kunikumbatia mpaka kunakucha, kama tuliooana jana. Na kila jioni, kabla ya kulala, alijifungia bafuni.

Chai. Mwanamke wa kwenye simu. Dozi.

Wewe ungefikiri nini?

Sikugonga mlango ule. Mimi si mtu wa kelele. Habari isiyothibitishwa huwa siisomi, basi nikaamua kuthibitisha. Chai yake nikawa naimwaga sinkini akitoka. Chakula nikawa nakula mgahawani. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: kama sumu imo kwenye chai, nikiiacha, sauti itarudi.

Kitandani sikubadilisha kitu, asije akashtuka. Aliponivuta, nilikwenda. Niliweka shavu begani pake, nikasikiliza moyo wake ukidunda, nikijiuliza kama moyo wa muuaji una mdundo tofauti.

Sauti ikazidi kushuka!

Nikaenda hospitali. Daktari wa homoni, mama mmoja asiyecheka ovyo, alinipima damu, akanipiga picha za tumbo, kisha akafunga mlango.

"Unajidunga nini?"

"Sijidungi kitu."

"Mama, una homoni ya kiume inayotosha mwanaume mzima. Hakuna uvimbe wowote unaoizalisha. Inatoka nje ya mwili wako."

"Kuna mtu ananiwekea."

"Nani?"

"Mume wangu. Nilidhani ni kwenye chai. Lakini chai nimeshaacha, na hali imezidi."

Akaweka kalamu chini.

"Mumeo ana umri gani?"

"Hamsini na mbili."

"Na anajipaka kitu chochote?"

Nilisimama. Hata kuaga sikuaga.

Nilifika nyumbani giza likianza kuingia. Bafuni maji yalikuwa yanatiririka. Safari hii niligonga.

"Fungua!"

"Naoga!"

"Fungua, au namwita fundi aje ang'oe kitasa!"

Kitasa kikazunguka. Alikuwa kifua wazi, mabega yanang'aa, harufu ya spiriti imejaa bafu zima. Kwenye sinki kulikuwa na kichupa cheupe kisicho na maandishi yoyote.

"Dada wa kwenye simu ni nani?"

"Ume... umesikia?"

"Nijibu, baba watoto!"

"Anauza dawa."

"Dawa ya nini?"

Akatazama vigae vya sakafu.

"Ya kunirudisha. Nilikuwa nimekwisha, mama watoto. Mwili hautaki, akili haitaki, kijana ananituma kama tarishi. Nikaona utaniacha. Yule dada akaniuliza maswali kwenye simu, akasema homoni zimeshuka na umri, nijipake mabegani kila siku kabla ya kulala. Nikapata nguvu! Nikasema nikuletee chai. Nikukumbatie. Nikulipe ule mwaka niliokupa mgongo..."

Mkono wangu ulipanda wenyewe mpaka shavuni.

"Alikwambia ufunike mabega kabla ya kulala?"

"Hapana."

"Alikwambia usimguse mtu nayo?"

"Hakuniambia. Kwani kuna nini?... Mbona umeshika shavu?"

Chai ilikuwa chai tu, wasomaji wangu. Dozi yangu nilikuwa naifuata mwenyewe, kila usiku, ngozi kwa ngozi begani pake, huku nikijifanya simshuku.

Kesho yake tulikwenda hospitali wawili. Daktari alimuuliza swali moja.

"Kabla ya kuanza kujipaka, ulipimwa?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unatibu nini?"

Akaachishwa dawa, na baada ya miezi kadhaa mwili ukiwa umetulia akapimwa damu, asubuhi, mara mbili. Homoni zake zilikuwa sawa kwa umri wake. Kilichokuwa juu ni sukari, tena juu mno! Umri nao una sehemu yake, alisema daktari, na mawazo ya kazini yana sehemu yake, lakini ule uchovu, ule usingizi na ule mgongo kitandani vilikuwa na mzizi unaotibika. Sasa anameza vidonge, anatembea kila jioni, na ana mshauri anayezungumza naye. Kijana bado ni bosi wake. Hilo halina kidonge.

Nami ndevu zimekoma. Siku zangu zimerudi. Sauti haijarudi. Daktari wa koo aliniambia bila kupamba: nyuzi za sauti zikishanenepa, mara nyingi hubaki hivyo. Binti wa jioni ndiye mwenye kiti sasa, na mimi nahariri habari anazosoma. Anasoma vizuri.

Ninyi akina baba, mwili ukibadilika, kapimwe. Anayekutibu kwa maswali ya kwenye simu anauza, hatibu. Na wewe mke, ukisikia neno "dozi" nyuma ya mlango, gonga siku hiyo hiyo. Mimi nilikusanya ushahidi kwanza, na kila usiku wa ushahidi ule niliulipia kwa sauti.

Mume wangu amesoma haya yote kabla sijayaweka hapa. Ana ombi moja tu.

"Ile siku nilipolia mbele ya daktari, usiiandike."

"Sijaiandika."

"Afadhali. Waache wasijue."

Samahani, baba watoto. Kuna wanaume wanasoma hapa na bado wanaogopa kwenda kupimwa. Alilia. Hakufa.