Kiti Kilichotoka Normandie

Lilianza chungwa. Suhaila aliliweka mezani, likabingirika kushoto mpaka ukutani. Akalirudisha, likaondoka tena, taratibu, kama mtu anayejua aendako.

Ofisi ya jengo lao la Etobicoke ikamtuma fundi na pimamaji. Sakafu imenyooka, akasema. Na hiyo harufu ya moshi na matufaha yaliyoungua anayoisikia, mpangaji apunguze kukaanga. Lalamiko likafungwa. Suhaila akapeleka jingine, nalo likafungwa kwa adabu ileile.

Chungwa angelivumilia. Lakini kila asubuhi kitanda cha bintiye Zahira kilikuwa kimesogea kushoto, kuelekea dirisha, na wao walikaa ghorofa ya tisa.

"Ni kile kiti chako," alimwambia mumewe.

Ahmed alikinunua mtaa wa Parkdale kwa Nizar, muuza fanicha kuukuu, na hakuna mgeni aliyeepuka hadithi yake: kimetoka kwenye meli Normandie, iliyopewa jina la pwani ile ya Ufaransa ya siagi na matufaha, ambako watu hukatiza mlo kwa kinywaji kikali ili tumbo lipate nafasi. Meli iliungua bandarini New York mwaka 1942. Hapo ndipo Ahmed alipoishia siku zote, maana pilau huwa imeshafika.

Jumapili mchana akaja shehe mmoja wa mji wa Brampton, ameitwa kuisomea nyumba. Akaandika kombe, aya za dua sahanini kwa zafarani, akaliosha kwa maji ya waridi, akanyunyiza pembe zote. Moshi ukazidi. Akaagiza ndoo ya maji, na kadiri alivyomwaga ndivyo kuta zilivyoguna, sahani zikateremka kabatini moja baada ya moja, kitanda kikaanza kuteleza na Zahira juu yake, na Suhaila akakishika kwa mkono mmoja huku mwingine ukimpigia Nizar.

"Mnamwaga maji?" Nizar aliuliza aliposikia ndoo ikimwagwa. "Dada yangu, moto haukuiua meli ile. Wazima moto waliijaza maji mpaka ikalala kushoto. Haikusafiri tena. Acheni."

"Shehe, basi," Suhaila alinong'ona.

Ndoo ilikuwa tupu.

Jioni hiyo kiti kikarudi Parkdale, na nyumba ikanyooka. Ofisi ikaandika kwamba tatizo halijawahi kuwepo.

Asubuhi Zahira alitoka chumbani amelalia kushoto, bega nusura liguse ukuta.

"Simama wima, mwanangu."

Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba amesimama wima, wao ndio wameinama. Akajimiminia maji, akainua glasi. Maji yalikuwa yamepanda upande wa kushoto hadi ukingoni, yametulia, na hayakumwagika.