Adela Atafuta Chuma Maktabani

Kila Jumatatu Adela aliondoka kwao Malangali alfajiri na jembe begani, kwa sababu siku hiyo shule yao mjini Sumbawanga ilianza kwa kazi ya shamba. Jumatatu moja, enzi za Waingereza, Mwalimu Gaudensi aliinua jembe jipya la dukani, akasema, "Shukuruni! Kabla Wazungu hawajaja, babu zenu walilima kwa vijiti."

"Si kweli, Mwalimu," Adela alisema. "Babu yangu Oswaldi alikuwa akiyeyusha chuma mwenyewe. Jembe lake lipo nyumbani."

"Jembe kuukuu si ushahidi. Nionyeshe kitabu. La sivyo, Ijumaa utaomba radhi mbele ya shule nzima kwa kusema uongo."

Uongo! Hasira zilimpanda Adela. Mzee ana makovu ya moto mikononi, halafu kazi yake iitwe uongo! Nani asingekasirika?

Alasiri alikwenda kwenye maktaba ndogo karibu na boma. Akamwamkia mtunza maktaba, Bwana Muhidin, akamweleza shida yake.

"Jina la kitabu hulijui, basi tafuta mada yake," Bwana Muhidin alisema, akimwonyesha sanduku la kadi. "Neno lililo juu ya kadi linakuambia kitabu kinahusu nini. Zimepangwa kwa alfabeti."

Adela alitafuta "Chuma". Hakuna. Akatafuta "Wafipa", jina la kabila lao. Hakuna.

"Hata humu hatumo!" alifoka, akalisukuma sanduku.

"Taratibu, binti. Mtafutaji hachoki. Huenda aliyeandika kadi alitumia neno jingine. Mgeni akiwatazama wazee wakiyeyusha chuma, angeona nini?"

Adela alifikiri. Angeona tanuri la udongo refu kuliko mtu, na dawa ambazo wazee walitia ndani kabla ya kuwasha moto. Akatafuta "Dawa", akatafuta "Tanuri". Hakuna. Mwishowe, kwa kusitasita, akatafuta "Uchawi", maana ndivyo wageni walivyoziita dawa za wazee. Kadi ilikuwa pale: kitabu kuhusu kuyeyusha chuma Ufipa, chenye picha.

Sasa hasira zikampanda Bwana Muhidin. "Uchawi? Watu wametoa chuma kwenye mawe, aliyeandika kadi akaona dawa tu! Amekizika kitabu kizima kizima!" Akaichana kadi ile, akampa Adela kadi mpya na kalamu. "Andika wewe: Chuma."

Ijumaa Adela alisimama mbele ya shule na kitabu alichoazima, akakifungua penye picha ya tanuri. Mwalimu Gaudensi alisogea akaitazama.

"Nilikuita mwongo mbele za watu, na mbele za watu nasema niwie radhi," alisema. Kisha akawageukia wanafunzi. "Mimi nilisema hakuna, kumbe sikutafuta. Msiniige. Neno moja likishindwa, tafuteni kwa jingine. Na mkikuta kitu kimewekwa pasipo pake, kirudisheni mahali pake."

Jumatatu iliyofuata Mwalimu aliazima jembe la Mzee Oswaldi, akalima nalo mbele ya darasa zima. Halikupinda.