Kishonanguo katika Ngolo za Vitalia

Vitalia alianza kupalilia maharage kabla umande haujakauka. Shamba lake la kijijini Ukata lilikuwa mteremkoni, limechimbwa ngolo kama mashamba yote ya Wamatengo: mashimo, na matuta yenye majani yaliyofukiwa kuzunguka kila shimo. Magugu aliyong'oa aliyatupa shimoni yaoze. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Lakini huu ulikuwa mwaka wa tatu gugu la kishonanguo likizidi maharage. Wazee wa ukoo walikwisha sema: mjane huyu akishindwa, shamba apewe mwingine.

"Ni wifi yangu Bonifasia," Vitalia aliwaambia mbele ya watu. "Analitaka shamba la kaka yake. Anakuja kumwaga mbegu."

Ulikuwa uongo, tena mbaya. Watu wakaacha kumsalimia Bonifasia. Akachukua wanawe, akahamia Kingerikiti.

Baadaye kijiji chao cha ujamaa kililetewa bibi shamba wa kufundisha kilimo, Mwanabibi, mwenyeji wa Tanga. Alifika kwa Vitalia, akaokota mmea wa kishonanguo shimoni.

"Shikamoo, mama. Nani ametupa huu humu?"

"Marahaba. Mimi. Si mbolea?"

"Ni mbolea kabla haujachanua. Tazama. Shina lina pembe nne. Jani lina vipande vitatu, ukingoni lina meno. Na hili si ua moja. Ni maua madogo mengi yaliyokaa pamoja: meupe pembeni, ya njano katikati. Kila ua la njano huzaa mbegu yake."

Akaonyesha mbegu nyembamba nyeusi, zenye miiba nchani, zilizonasa kwenye khanga ya Vitalia.

"Mmea mmoja huzaa maelfu. Ukizifukia, nyingine hulala ardhini miaka. Ukichimba tena, unaziamsha."

Vitalia alizitazama mbegu za kwenye khanga. "Kumbe mpandaji ni mimi."

"Ni wewe, mama. Ng'oa mapema. Chenye mbegu kichome nje ya shamba. Na bandua hizi za kwenye khanga, zichome pia."

Alifanya hivyo misimu miwili. Maharage yakastawi, wazee wakamwachia shamba. Akajaza kikapu, akatembea hadi Kingerikiti, akapiga magoti na kueleza yote.

Bonifasia alipokea kikapu, maana watoto walikuwa na njaa. "Ulinisema mbele ya watu, wifi," akasema. "Nenda ukaseme haya mbele yao."

Vitalia alikwenda. Alianza kwa mzee Pankras, mkubwa wa ukoo.

"Shamba lako limepona," mzee alimjibu. "Hayo mengine yaache, mama."

Hakuyaacha. Alipita nyumba kwa nyumba. Watu walimsikiliza, wakamuuliza habari za kishonanguo, wakaenda kung'oa cha kwao. Bonifasia hakuna aliyemfuata kumwomba radhi, na hakurudi Ukata.